Pesa za bima ya marehemu: ni za nani, na hudaiwa vipi

Turubai la matanga halijashushwa na swali tayari limeulizwa: "Mzee alikuwa na bima. Sasa zile pesa zitagawanywa vipi?" Hapa Mombasa nimelisikia swali hilo kwenye matanga na kwenye hitima mara nyingi, na karibu kila mara linaulizwa kana kwamba bima ni kama shamba la minazi au nyumba ya Swahili ya vyumba sita, mali iliyobaki ambayo wenyewe wakae chini waigawe. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, na mara nyingi unaanza kabla mtu yeyote hajaishika hati yenyewe mkononi akaisoma.

Bima ya maisha ni makubaliano. Marehemu alipokuwa hai alikubaliana na kampuni: mimi nitalipa kiasi hiki kila mwezi, na siku nikifa ninyi mtamlipa fulani kiasi hiki. Huyo fulani ana jina, na jina lake liliandikwa kwenye fomu. Kwa Kenya, haki hiyo ya kuandika jina imo katika Sheria ya Bima, kifungu cha 111: mwenye bima juu ya maisha yake mwenyewe anaweza kumtaja mtu au watu watakaolipwa akifa, na anaweza kubadilisha majina hayo wakati wowote kabla pesa hazijaiva. Kwenye maofisi mtu huyo anaitwa mnufaika, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Mnufaika si lazima awe mrithi. Hili ndilo watu wanalochanganya kuliko yote. Mrithi anapatikana kwa nasaba, ndoa, wosia au sheria ya dini. Mnufaika anapatikana kwa kalamu ya marehemu. Anaweza kuwa mke, mtoto mmoja kati ya sita, dada aliyemlea, hata rafiki. Mahakama za Kenya zimeshaamua zaidi ya mara moja kwamba pesa zenye mnufaika aliyetajwa haziingii kwenye mirathi ya marehemu. Zinapita kando na kumwendea aliyeandikwa. Maana yake kwa mama aliyefiwa ni kubwa sana. Ikiwa jina lake liko kwenye fomu, hahitaji kusubiri kesi ya mirathi iishe. Hahitaji barua ya usimamizi kutoka mahakamani. Hahitaji mkutano wa ukoo umpe ruhusa. Anahitaji kuthibitisha mambo mawili tu: kwamba aliyekufa ndiye mwenye bima, na kwamba yeye ndiye yule aliyeandikwa.

Nimemuona mjane akikaa miezi minane akisubiri shemeji zake wakubaliane juu ya kiwanja, huku akiamini kwamba mpaka hilo liishe hawezi kugusa bima ambayo mumewe aliiandika kwa jina lake peke yake. Watoto walirudishwa nyumbani kwa karo. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi, wote waliokuwa wakimshauri waliamini vivyo hivyo.

Sasa, pesa hizo huingia lini kwenye mirathi? Huingia pale ambapo hakuna jina. Fomu nyingine zilijazwa haraka, wakala akaacha pengo akisema "tutalijaza baadaye". Nyingine zina jina la mtu aliyetangulia kufa: mzee alimwandika mkewe mwaka 1995, mke akafa 2010, naye mzee hakurudi tena ofisini. Hapo kampuni haina wa kumlipa ila msimamizi wa mirathi, na msimamizi lazima ateuliwe na mahakama. Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi, ambaye Katiba inampa uwezo wa kusikiliza mambo ya ndoa, talaka na urithi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wanakubali kwenda mbele yake. Wengine huenda kwa hakimu au Mahakama Kuu. Njia hii ndiyo ndefu, kwa sababu ombi hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na mwenye pingamizi hakosekani.

Kuna benki pia. Watu wengine huweka hati ya bima kuwa dhamana ya mkopo. Wakifanya hivyo, benki inakaa mbele ya mnufaika, na mnufaika hupata kinachobaki deni likishalipwa.

Swali la dini nitalisema wazi kwa sababu Pwani haliepukiki. Masheikh wengi wanafundisha kwamba mtu aliyeandikwa kwenye fomu hupokea pesa kama amana, kisha azigawe kwa warithi kwa mafungu ya faraidh, yaani sheria ya Kiislamu ya mirathi. Na wako wanaotofautisha kati ya bima ya kawaida na takaful, bima inayofuata misingi ya Kiislamu, ambayo hapa Kenya ilianza kuuzwa na kampuni ya takaful mwaka 2011. Kampuni ya bima haiingii kwenye mjadala huo. Inalipa jina lililo kwenye hati, na yanayofuata ni kati ya mpokeaji, familia na Mola wake. Ndiyo maana naona ni vyema familia izungumze na sheikh wake mapema, wakati mwenye bima yu hai na anaweza kusema alikusudia nini alipoandika jina lile: zawadi, au kumpa mtu mmoja kazi ya kugawa.

Na aliyeachwa? Mwanamume alimwandika mke wa kwanza, wakaachana, akaoa tena, fomu akaisahau. Kampuni itafuata fomu. Talaka haifuti jina lenyewe kwa lenyewe. Hili linaumiza, na nimeona wake wa pili wakilia mbele ya kaunta, lakini karani hana mamlaka ya kukisia moyo wa marehemu. Mke wa pili akiona ameonewa, pa kwenda ni mahakamani.

Mtoto mdogo ni habari nyingine. Kampuni haimpi mtu wa chini ya miaka 18 hundi. Ikiwa marehemu alitaja mdhamini wa mtoto kwenye fomu, mdhamini ndiye anayepokea kwa niaba yake. Ikiwa hakutaja, mzazi aliyebaki au mlezi anatakiwa kuleta hati za kuonyesha haki yake, na kampuni nyingi hudai amri ya mahakama. Ukiwaandika watoto wako, andika na mtu mzima unayemwamini chini ya jina lao. Ni mstari mmoja tu, na unaweza kuokoa mwaka mzima.

Tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo madai mengi ya haki yanapokwama.

Kampuni karibu zote huomba mambo yale yale: fomu ya madai iliyojazwa, cheti cha kifo, hati halisi ya bima, nakala ya kibali cha mazishi, vitambulisho vya marehemu na vya mdai, namba ya PIN ya ushuru na akaunti ya benki. Kama kifo kilitokana na ugonjwa, daktari wa mwisho kumtibu hujaza fomu yake. Kama ni ajali au kuuawa, inatakiwa ripoti ya polisi na mara nyingi ya upasuaji wa maiti. Hati ya bima ikiwa imepotea, mambo hayajaharibika; unaapa hati ya kiapo mbele ya wakili, na kampuni nyingine hutaka pia barua ya polisi ya kupotewa.

Kazi ngumu iko kwenye cheti cha kifo. Mtu akifia hospitalini, hospitali hujaza fomu D1 na kutoa kibali cha mazishi. Akifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayejaza D2. Sasa fikiria mazishi yetu. Mtu akitoka roho alfajiri, alasiri ameshazikwa. Haraka hiyo ni heshima kwa maiti, na hakuna anayetaka kuiondoa. Lakini katika haraka hiyo nimeona maiti ikitoka nyumbani, ikaswaliwa, ikazikwa, na hakuna aliyekumbuka kwenda kwa naibu wa chifu. Familia inagundua baada ya miezi mingi, pale kampuni inapouliza kibali. Kifo kisiposajiliwa ndani ya miezi sita, usajili wake unakuwa wa kuchelewa, unahitaji idhini ya msajili, mashahidi, barua za chifu, nenda rudi. Basi katika watu wote wanaokimbia huku na kule siku ile, wa kununua sanda, wa kuchimba kaburi, wa kutangaza msikitini, mmoja atumwe kwa naibu wa chifu na kitambulisho cha marehemu mkononi. Cheti chenyewe huombwa baadaye kupitia eCitizen au Huduma Centre.

Kisha kuna majina. Ami yangu aliitwa Athumani na watu wote. Kitambulisho chake kiliandikwa Athuman, bila herufi ya mwisho. Wakala wa bima, aliyesoma shule nzuri, aliandika Othman. Kibali cha mazishi kikatoka na Othumani. Watu watatu kwenye karatasi, maiti mmoja kaburini. Kampuni ilikataa kuendelea mpaka tulete hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu yule yule, tukaileta. Ikataka barua ya chifu, tukaileta. Ikasema tarehe ya kuzaliwa nayo haikubaliani. Miezi mitano ilikwenda hivyo, na shangazi akawa anauza dhahabu yake bangili moja moja. Baadaye nikajua kwamba hayo yote yangeombwa kwa pamoja siku ya kwanza. Tangu siku hiyo, ninapomsindikiza mtu kwenye ofisi ya bima, neno langu la kwanza ni hili: naomba mtuandikie kwenye karatasi moja kila kitu mtakachohitaji, na mtie muhuri.

Umri ukikosewa, bima haifutwi. Kampuni hupiga hesabu upya: kwa malipo aliyokuwa akitoa, mtu wa umri wake halisi angestahili kiasi gani? Hicho ndicho kinacholipwa. Kwa wazee wetu waliozaliwa "mwaka wa njaa" na kupewa tarehe na karani, jambo hili hutokea sana, na msiogope mkiambiwa kuna tofauti.

Mjane Muislamu yumo edani miezi minne na siku kumi, na wengi hukataa kutoka. Hakuna sheria inayomtaka aende mwenyewe kaunta. Fomu inaweza kuletwa nyumbani na wakala akaijaza hapo hapo, au mjane akamwandikia mwanawe barua ya idhini yenye sahihi yake na nakala ya kitambulisho. Linalofaa kufanywa mapema ni kuiarifu kampuni kwamba mtu amefariki, hata kwa simu na barua pepe, ili tarehe ya taarifa ianze kuhesabiwa.

Na waliofia Ughaibuni. Vijana wetu wengi wako Saudia, Qatar na Emirati, na baadhi hawarudi wakiwa hai. Cheti cha kule huwa cha Kiarabu. Kinahitaji kutafsiriwa na kuthibitishwa na mamlaka za kule na ubalozi wa Kenya. Mwombeni anayeshughulikia safari ya mwili ayafanye hayo akiwa kule kule, kabla mwili haujapanda ndege. Kuyafanya kutoka Likoni ni taabu.

Wavuvi na mabaharia wana mlango wao peke yao, na ni mlango mzito. Chombo kikizama na mwili usipatikane, hakuna kibali cha mazishi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, huchukuliwa kuwa amekufa. Pale ambapo kuna mashahidi walioona chombo kikizama, familia inaweza kuiomba mahakama itangaze kifo bila kungoja miaka hiyo. Wakati huo wote, jaribuni bima isikatike kwa kukosa malipo.

Kampuni ikishapokea karatasi, inaangalia nini? Kwanza, kama bima ilikuwa hai siku ya kifo. Mikataba ya kawaida hutoa siku 30 za uvumilivu baada ya tarehe ya kulipa. Mtu akifa ndani ya siku hizo, bado anayo bima, na ile ada iliyokosekana hukatwa kwenye malipo. Zikipita, bima hukatika. Lakini msikate tamaa hapo. Mtu aliyelipa kwa miaka mitatu au zaidi mara nyingi huwa amejijengea thamani ndani ya bima yake, na thamani hiyo haipotei kwa sababu alishindwa kulipa mwaka wa mwisho akiwa mgonjwa. Ulizeni kwa maandishi.

Pili, inafungua fomu ya kwanza kabisa, ile aliyoijaza siku ya kununua. Hapo paliulizwa: una sukari? Una presha? Umelazwa? Unavuta sigara? Bima inasimama juu ya ukweli wa mnunuzi, kwa sababu kampuni inategemea maneno yake kupima hatari. Akisema hana sukari ilhali ana kadi ya kliniki ya miaka sita, kampuni inaweza kuukana mkataba. Kifo kikitokea mapema, mikataba mingi ikihesabu miaka miwili ya mwanzo, uchunguzi huwa mkali zaidi. Faili za hospitali huitishwa. Kujiua nako huwekewa kipindi kama hicho, mwaka au miwili, na baada yake mikataba mingi hulipa.

Hapa nina neno na mawakala. Nimekaa barazani nikamsikia wakala akimwambia mzee wa watu: "Hapa weka hapana tu, tusicheleweshe." Wakala alipata kamisheni yake. Mzee aliamini kwamba aliyevaa tai na kubeba mkoba anajua. Siku ya kudai ilipofika, "hapana" ile ilikuwa na sahihi ya mzee chini yake, si ya wakala. Dai likikataliwa kwa sababu hiyo, msikubali kwa mdomo. Ombeni barua ya kukataa inayotaja kipengele cha mkataba na swali ambalo marehemu anadaiwa kulijibu vibaya, pamoja na nakala ya fomu. Mara nyingine inaonekana ugonjwa uligunduliwa baada ya kununua, na mtu hawezi kuficha asichokijua. Mara nyingine mwandiko kwenye fomu si wa marehemu hata kidogo.

Muda wa kulipa umo katika sheria. Kampuni ikikubali kwamba inawajibika, dai linatakiwa lilipwe ndani ya siku 90 tangu liliporipotiwa. Bima za gharama za mazishi ni nyepesi zaidi, nyingi huahidi saa 48, kwa kibali cha mazishi na kitambulisho tu. Kabla ya pesa kuu kutoka, utapewa hati ya kukubali malipo uitie sahihi. Isome. Inasema kwamba ukipokea kiasi hiki huna tena dai kwa kampuni. Angalia kama bonasi za miaka yote zimo, na kama wamekata mkopo ambao marehemu aliuchukua juu ya bima yake, waonyeshe ulichukuliwa lini na kiasi gani. Usisaini mbele ya kaunta kwa sababu kuna foleni nyuma yako. Chukua nakala nyumbani, na urudi kesho.

Kudai hakulipiwi. Anayekuja kwako na maneno ya "nitakusukumia faili, nipe asilimia kumi" hana anachokisukuma.

Kampuni ikinyamaza au ikikataa bila sababu, malalamiko huenda kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, iliyopo tangu 2007 kusimamia kampuni hizi. Hupokea malalamiko bila malipo, na barua kutoka kwao huamsha mafaili yaliyolala. Mahakama ipo pia, na dai la mkataba lina miaka sita.

Limebaki jambo ambalo naona linapoteza pesa nyingi kuliko kukataliwa, nalo ni bima ambazo familia hazijui kama zipo. Marehemu aliyekuwa ameajiriwa huenda alikuwa ndani ya bima ya kikundi iliyonunuliwa na mwajiri, inayolipa mishahara ya miaka kadhaa. Nendeni kwa afisa wa wafanyakazi mkaulize, hata kama hamjawahi kuona karatasi. Aliyekufa kwa ajali kazini au ugonjwa wa kazi, wategemezi wake wana haki chini ya sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya 2007, ambayo ni mapato ya miezi 96. Hiyo ni mbali na bima yoyote aliyojinunulia. Mkopo wa SACCO au benki mara nyingi una bima ndani yake, inayolipa deni mkopaji akifa. Nimekuta mjane akiendelea kulipa mkopo wa marehemu kila mwezi kwa uaminifu, miezi kumi na minne, kwa sababu hakuna aliyewaambia SACCO kwamba mwanachama wao amefariki.

Kupekua ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Taarifa za benki za mwaka mmoja zitaonyesha makato ya kila mwezi yenye jina la kampuni ya bima. Karatasi ya mshahara ina mstari wake. Jumbe za M-Pesa kwenye simu ya marehemu zinaonyesha namba za malipo, kwa hivyo laini hiyo msiitupe wala msiiache ikafungwa. Na hata kama mmegundua miaka imeshapita, ulizeni. Kwa sheria ya 2011, pesa za bima zisizodaiwa kwa muda uliowekwa hazibaki kuwa za kampuni. Huhamishiwa Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa, UFAA, na huko hukaa kwa jina la mwenyewe mpaka mwenye haki ajitokeze na karatasi zile zile: cheti cha kifo, kitambulisho, na uthibitisho kwamba yeye ndiye.